Mto ukifungwa kwa barafu: siku nne Newburgh tukisubiri ruhusa ya kupita

Baharia_wa_Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kwenye ule uzi wa kazi za majini ughaibuni kuna mtu aliuliza kama ni kweli huku wanaweza kumzuia mtu na chombo chake kupita mtoni kisa barafu. Watu wakamcheka. Nikasema nitafungua uzi nikipata nafasi. Leo nimeshuka zamu, naandika kwa simu, makosa ya herufi mtanisamehe.

Nafanya kazi ya deki kwenye tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta na kusukuma vyombo vingine, Mto Hudson, New York. Tunapeleka matishari ya mafuta, vile vyombo bapa visivyo na injini, kutoka bandari ya jiji hadi Albany, kilomita mia mbili na ushee. Ni yale mafuta ya kupashia nyumba joto. Nyumba nyingi za zamani huku zina tangi lake chini ya ngazi au uani, linajazwa kama unavyojaza simtank, na likikauka mwezi wa pili usidhani utavaa sweta mbili yakaisha. Walinzi wa Pwani wa Marekani hurudia kila msimu kwamba asilimia 85 ya mafuta hayo nchini hutumika huku kaskazini-mashariki, na asilimia 90 ya hayo hufika kwa tishari. Sasa piga picha mto umeganda.

Kisa chenyewe. Februari moja, miaka kadhaa imepita, nilikuwa kwenye tagi ndogo ya hosipawa 2,600. Tishari limejaa, tunapanda. Tulipokaribia Newburgh, mji ulio kando ya mto njiani kwenda Albany, redio ikatangaza kwamba vyombo vinavyosukuma au kuvuta tishari, kama injini haifiki hosipawa 3,000, visiendelee, kwa kuwa unene wa barafu umefika wastani wa inchi 8. Kepteni wetu, mzee asiyecheka hata umtekenye, akapunguza moto, akasema tufunge kamba. Tukafunga. Siku nne.

Sheria yenyewe haikutungwa siku ile. Imo kwenye kanuni za serikali kuu, inahusu Hudson yote iliyo chini ya malango ya kupandishia meli ya Troy, juu kidogo ya Albany. Anayesema ianze kutumika leo na iishe kesho ni Kapteni wa Bandari. Msidanganywe na jina, huyo hayuko usukani wa meli yoyote. Ni cheo cha ofisa wa Walinzi wa Pwani, na akisema funga, umefunga. Unaweza kuomba ruhusa maalumu. Sisi tuliomba tukanyimwa.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Kiguu_na_Njia

Tiririka mkuu, nimeshavuta kigoda.

Ila hapo kwenye inchi 8 umeniacha. Inchi nane hazifiki hata shibiri yangu. Tagi ni chuma kitupu, injini ya hosipawa elfu mbili na mia sita, inashindwa na barafu isiyofika shibiri?

Baharia_wa_Pangani

Swali zuri, na hata mimi mwaka wa kwanza niliuliza hivyohivyo nikachekwa.

Ile shibiri ikiwa imelala tambarare, imetulia, tagi inaipasua. Utasikia mlio kama mtu anachana bati. Tatizo si barafu ambayo haijaguswa. Tatizo ni ile ambayo imeshavunjwa. Meli ikipita inaacha mapande. Usiku baridi inayashika tena, safari hii yakiwa yamesimama wima, yamelala kifudifudi, yamepandana. Kesho meli nyingine inayavunja, yanashikana tena. Baada ya wiki ile njia iliyopitwa kila siku ndiyo inakuwa nzito kuliko pembeni ambako hakuna aliyepita. Kwenye kona mapande yanarundikana kwenda chini futi kadhaa, na juu huoni kitu, unaona uwanja mweupe tu.

Kuna sehemu zinajulikana. West Point kuna kona kali ambayo wenyewe waliita Mwisho wa Dunia. Ndipo penye kina kirefu kuliko pote Hudson, zaidi ya futi 170. Ukipanda zaidi kuna Crum Elbow, jirani na Hyde Park, halafu Esopus Meadows. Ukizitaja hizo mbele ya mabaharia wa huku mwezi wa pili, mtu anaacha kikombe chake kwanza.

Sasa tagi ndogo ikiingia kwenye rundo inapungua mwendo, inapungua, inasimama. Ikisimama, mapande yanaifunga pande zote na huna tena usukani. Mkondo ukianza kusukuma lile godoro lote la barafu, nawe umo ndani yake, linakupeleka linakotaka. Nje ya njia ya meli kuna mwamba.

Na kama unavuta tishari kwa waya badala ya kusukuma, ndiyo hatari zaidi. Barafu inakusimamisha wewe uliye mbele, lakini tishari lililojaa mafuta halijasimama. Tishari halina breki. Linakuja na wewe upo.

Jambo la tatu watu wengi hawalijui: uji. Kuna barafu laini inayoelea chini ya ile ngumu, sisi tunaiita uji kwa sababu ni uji kweli. Unaingia kwenye matundu ya kuvutia maji ya kupoozea injini, unaziba. Injini inapata joto katikati ya baridi ya kuua. Fundi wetu wa injini, Mfilipino, kila saa alikuwa anafungua kichujio na kukomba uji kwa mikono. Mikono yake usiiangalie.

Mtoto_wa_Forodhani

Assalaam alaykum. Umesema mkondo. Mkondo wa mto unashuka tu, kwa nini barafu isiondoke zake kwenda baharini ikaisha? Au kuna lingine?

Baharia_wa_Pangani

Waalaykum salaam. Ndugu yangu wa Unguja, hapa ndipo utakapojisikia nyumbani. Hudson ni mto jina tu. Maji yanajaa na kupwa mpaka Troy, kule juu kabisa, mbali na bahari kama Dar na Tanga hivi kwa kukadiria. Albany penyewe maji hupanda na kushuka karibu futi tano. Wenyeji wa asili, Wamahikani, waliuita mto unaotiririka pande mbili.

Kwa hiyo barafu haiondoki. Inashuka saa sita, inarudi saa sita. Pande uliloliona asubuhi likienda zake, jioni unakutana nalo linarudi kama mtu aliyesahau funguo. Na maji ya bamvua ndiyo yanayovunja barafu ya kingoni na kuileta katikati. Watu wa Rufiji hawana hili wala la karibu yake.

Msukuma_Original

Mimi nitaongea tofauti. Hii sheria naiona ya kumkandamiza mwenye tagi ndogo. Kampuni kubwa yenye tagi ya hosipawa 4,000 inapita, inauza kwa bei ya barafu. Mdogo anakaa Newburgh anakula akiba. Halafu "wastani" wa inchi 8, nani kapima? Wastani wa wapi hadi wapi? Kwetu ziwani TMA, wale watu wa hali ya hewa, wakitangaza upepo mkali, boti zote zinakaa, ya tajiri na ya maskini. Hiyo ndiyo haki.

Baharia_wa_Pangani

Mkuu umegonga palepale. Nitakubaliana nawe nusu.

Nusu ya kukubaliana: wastani unadanganya. Nimeshaeleza kwamba hatari iko kwenye marundo, haiko kwenye unene. Unaweza kuwa na inchi 6 kila mahali, sheria haijaanza, na Crum Elbow pameziba mpaka chini. Na unaweza kuwa na inchi 9 safi, njia imetengenezwa asubuhi ileile, tagi ya hosipawa 2,600 ikapita inapiga mluzi. Vipimo vinatoka kwa meli za kuvunja barafu zenyewe na kwa ripoti za vyombo vinavyopita. Ndiyo maana kepteni wetu alikuwa anaripoti kila kitu redioni, hata ambacho hakuulizwa. Wengine hunyamaza wakiogopa kwamba wakisema ukweli mto utafungwa na mkate wao utakatika. Hao ndio wanaoniudhi, kwa sababu wanaowaponza ni wenzao wanaowafuata nyuma.

Nusu ya kukataa: ukifunga kwa wote, nyumba za Albany zinaganda. Upepo wa ziwani ukivuma leo, kesho au keshokutwa umetulia. Barafu ya Hudson inaweza kukaa kuanzia Januari hadi Machi. Huwezi kusema wote wakae miezi miwili. Lazima uchague nani apite, na hapo nguvu ya injini ni kipimo kibovu, lakini ni kipimo ambacho huwezi kukihonga. Hosipawa imeandikwa kwenye cheti.

Na usisahau shehena. Mafuta yakimwagika kwenye maji ya wazi unayazungushia maboya, unayanyonya. Yakimwagika chini ya barafu huyaoni yalipo, na yanakwenda na kurudi na maji. Tangu meli ya Exxon Valdez ipasuke Alaska mwaka 1989, sheria ya 1990 ikalazimisha matishari ya mafuta yawe na matabaka mawili ya chuma, na yale ya tabaka moja mwisho wake ukawa Januari 2015. Sawa, tabaka mbili zinasaidia. Lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzijaribu kwenye mwamba.

Mama_Riziki_518

Habari zenu. Mimi ni Mkongomani, tunakaa Albany na watoto, mwaka wa nane huu. Nimesoma huu uzi wote kwa sababu hayo mafuta ni ya kwangu jamani!

Baridi ya kwanza hatukujua kama tangi linaisha. Tulifikiri ni kama umeme, unawaka tu. Siku moja usiku nyumba ikakuwa baridi, bwana akashuka chini, mshale uko kwenye sifuri. Tukapiga simu, wakasema gari litakuja kesho kutwa. Tulilala wote chumba kimoja, watoto katikati. Asubuhi bomba la maji la jikoni lilikuwa limepasuka. Mwenye nyumba alikasirika kama vile sisi ndio tuliopasua.

Sasa nikiona ile meli nyeusi yenye mstari mwekundu inapita mtoni huwa naipungia mkono, wanangu wananicheka. Swali langu, kaka: mto ukifungwa, mafuta yanakuja na malori? Na bei?

Baharia_wa_Pangani

Dada pole sana, na karibu. Endelea kuwapungia, wanaona.

Malori yapo, na maghala ya Albany huwa na akiba, ndiyo maana ni nadra mtu kukosa kabisa. Lakini tishari moja hubeba mzigo wa malori mengi mno, na siku mto unapoganda barabara nazo huwa na theluji. Bei siisemei, sisi tunabeba tu. Ila fanya hivi: tangi likifika robo, agiza. Usisubiri mshale ulale.

Hizo meli ulizoziona ni za Walinzi wa Pwani, za futi 140. Zinaweza kwenda bila kusimama kwenye barafu ya inchi 20, na ikizidi hapo zinarudi nyuma na kuigonga mpaka futi tatu. Zina mtambo wa kupuliza hewa chini ya maji ili barafu isikwaruze ubavu, ukizitazama usiku unaona maji yanachemka pembeni. Wana pia tagi ndogo za futi 65 kwa barafu nyepesi. Zinasafisha njia kuu tu. Kipande cha mwisho, kutoka njia kuu hadi gati la mwenye ghala, huwa hawakigusi kama kuna tagi binafsi inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa malipo. Na katika orodha yao mafuta hayako namba moja, namba moja ni kuokoa watu.

Kaka_Mkubwa_MTL

Wakuu, nawasalimu kutoka Montreal. Niongeze kidogo la huku.

Hapa Mto St. Lawrence umekatwa vipande viwili. Juu ya Montreal, ile njia ya malango ya kupandishia meli hadi Maziwa Makuu, iliyofunguliwa 1959, inafungwa kabisa mwisho wa Desemba, inafunguliwa karibu mwisho wa Machi. Hakuna cha hosipawa. Malango yanafungwa, wanayakarabati, basi. Lakini kutoka Montreal kwenda chini hadi baharini ni wazi mwaka mzima tangu 1964, kwa meli zilizotengenezwa kwa barafu.

Kinachonishangaza ni kwamba huku wakati mwingine kizuizi si cha kulinda meli, ni cha kulinda barafu! Kwenye Ziwa Saint-Pierre barafu ya kingoni inatakiwa ikae palepale. Wameweka hadi magogo yanayoelea kuishikilia. Meli ikienda kasi, mawimbi yake yanaibomoa, inashuka mtoni, inaziba, na maji yanarudi nyuma kufurika mitaani. Kwa hiyo meli zinaambiwa zipunguze mwendo. Meli za kuvunja barafu za Kanada zilianza kazi hapa kwa ajili ya mafuriko kabla ya biashara.

Na kuna zawadi: nahodha wa kwanza kufika Montreal kutoka baharini katika mwaka mpya bila kusimama njiani anapewa fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Tangu 1840. Zamani ilikuwa mwezi wa nne au wa tano, sasa ni siku za kwanza za Januari.

Kiguu_na_Njia

Fimbo ya dhahabu! Huku kwetu nahodha akiwahi anaambiwa "mbona umechelewa kushusha".

Dogo_Belgrade

Wakubwa, mimi mwanafunzi tu, Serbia. Huku Danube mwaka 2012 Februari waliufunga, na Januari 2017 tena, kuanzia Kroatia na hapa hadi Bulgaria na Romania. Wenyeji wananisimulia kwamba 2012 shida kubwa haikuwa wakati wa baridi, ilikuwa baridi ilipokwisha. Barafu ikakatika kwa pamoja ikashuka mjini, ikabeba maboti na ile migahawa inayoelea. Mengine yakapondwa. Watu walikuwa wameshaanza kufurahi kwamba jua limetoka.

Baharia_wa_Pangani

Dogo, hapo umesema neno. Siku ya kuogopa ni siku ya mvua ya joto. Januari 2019 huku juu, Troy, barafu ilikatika ikakokota vyombo vilivyokuwa vimefungwa, mojawapo boti kubwa ya matembezi. Vikashuka havina mtu usukani hadi daraja la reli la Livingston Avenue pale Albany. Madaraja yakafungwa, treni zikasimama. Kamba zilikuwa nzuri tu.

Msukuma_Original

Sawa, nimekuelewa kiasi. Bado wastani siutaki. Swali la mwisho: wavuvi na watembezi wa kawaida nao wanazuiwa? Maana nimeona picha za watu wanacheza juu ya mto.

Baharia_wa_Pangani

Hao ndio wanaoninyima usingizi. Hawazuiwi kama sisi, wanaonywa tu. Meli ya kuvunja barafu ikipita katikati, ile barafu ya pembeni aliyosimama mtu na ndoano yake haiko tena kama ilivyokuwa dakika tano kabla.

Na kuna wenye majahazi ya barafu. Usicheke. Ni chombo chenye tanga na vyuma vitatu chini kama visu, hakigusi maji, kinateleza kwa upepo kuliko gari barabarani. Chama chao hapa Hudson ni cha tangu 1885. Mwaka 2014 barafu ilikaa vizuri, wakajaa Barrytown na vyombo vya miaka zaidi ya mia. Nilikuwa napita na tishari, upande mmoja mbao na matanga meupe, upande wa pili sisi na moshi wetu. Nilitamani baba angekuwa hai nimwonyeshe, maisha yake yote alikuwa fundi wa ngalawa.

Rais Franklin Roosevelt alikuwa na jahazi la namna hiyo, mama yake alimpa 1901. Kwao ni Hyde Park, nyumba iko juu ya kilima, Crum Elbow iko chini yake. Na ni huyohuyo Roosevelt aliyetia saini amri ya Desemba 21, 1936 kuwataka Walinzi wa Pwani wavunje barafu kwenye njia za biashara. Mtu aliyekua akiteleza juu ya barafu ya Hudson ndiye aliyeagiza ivunjwe.

Tena sisi si wa kwanza kupangiwa na barafu. Wakati wa vita vya uhuru wao, mwaka 1778, walitandaza mnyororo wa chuma kukata mto pale West Point ili meli za Waingereza zisipande. Kila baridi ilipokuja waliutoa wenyewe. Barafu ingeubeba.

Mama_Riziki_518

Kaka hujamaliza kisa. Zile siku nne Newburgh mliishije? Na mafuta yalifika?

Baharia_wa_Pangani

Dada asante kwa kunikumbusha.

Siku ya kwanza tulicheza karata. Ya pili tukagonga barafu iliyoshika reli na ngazi, kwa nyundo za mbao, kwa sababu ikizidi juu chombo kinakuwa kizito kichwani. Ya tatu mpishi akaishiwa, nikatoa unga wangu wa sembe niliokuwa nimeuficha kabatini, nikasonga ugali kwa mara ya kwanza mbele ya wale wazungu. Kepteni alikula kwa uma. Hakusema ni mzuri wala mbaya, ila alirudia.

Siku ya nne alfajiri ikaja tagi ya kampuni nyingine, hosipawa 4,000 na zaidi, ikachukua tishari letu. Mbele yake meli ya futi 140. Sisi tukabaki gatini na tagi yetu tupu. Nilisimama deki nikaliangalia tishari nililolifunga kwa mikono yangu linakwenda na watu wengine, linapita kona, halafu barafu nyuma yake ikajifunga tena kimyakimya. Lilifika Albany siku ya pili yake. Malipo ya siku nne za kukaa tulilipwa nusu.

Simu imebaki asilimia sita na zamu inaanza saa kumi na mbili. Msukuma, habari ya wastani nitakujibu kesho, nina mengi.